CD moja, watoto watatu na sauti ya baba

Shinyanga. Ndani ya kabati la mama mmoja mkazi wa Shinyanga mjini, katikati ya vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki zilizochakaa, kuna CD moja iliyofungwa kwenye kipande cha kanga. Haina kava. Juu yake kuna maandishi ya kalamu ya wino: “Kwaya, 2013”.

Mgeni akiikuta anaweza kuitupa. Lakini kwa watoto watatu wa nyumba hiyo, ndiyo mahali pekee ambapo baba yao bado anazungumza.

Baba huyo alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu Nyarugusu, mkoani Geita. Siku za kazi alikuwa duarani, Jumapili aliimba besi kwenye kwaya. Mwaka 2013 kwaya yao ilirekodi nyimbo 11, na baada ya wimbo wa mwisho kila mwimbaji aliruhusiwa kutoa salamu kwa familia yake. Yeye alichukua kama nusu dakika. Anamsalimia mkewe, anakohoa kidogo, kisha anawataja watoto wake mmoja mmoja kwa majina. Anamalizia na kitinda mimba, ambaye wakati huo alikuwa na miezi saba.

Miaka miwili baadaye alifariki dunia.

Kitinda mimba huyo sasa ameanza kidato cha kwanza. Hamkumbuki baba yake hata kidogo. Alichokuwa nacho ni jina lake ndani ya ile CD, na kwa miaka mingi kila sikukuu familia iliweka CD kwenye deki, ikasubiri hadi mwisho.

Mwaka jana deki ilianza kurukaruka. Salamu zinafika kwa kaka, zinafika kwa dada, halafu sauti inakwaruza na kunyamaza. Jina la tatu halisikiki.

“Aliniuliza, mama, mbona mimi tu ndiye nimefutika?” anasema mama huyo. “Siku hiyo niliamua, kabla hajaenda shule ya bweni, kila mtoto awe na nakala yake.”

Nakala za dakika tano

Alidhani ni kazi ndogo. Karibu kila stendi ya mabasi ina kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi, na baadhi yake bado vinachoma CD. Alikwenda kwenye kibanda cha kwanza Jumamosi saa nne asubuhi, siku yenye wateja wengi.

Kijana aliweka CD ya zamani upande mmoja na tupu upande wa pili, akaamuru kompyuta inakili moja kwa moja kwa kasi ya juu kabisa. Wakati huohuo alikuwa anaingiza filamu kwenye flashi za wateja wawili. Baada ya dakika mbili kompyuta ikatoa ujumbe kwamba bafa imekauka. CD ile tupu ikawa haifai tena. Akaweka ya pili, ikaharibika. Ya tatu nayo hivyohivyo.

Ya nne ilikamilika ndani ya dakika tano. Mama alilipia zote nne akarudi nyumbani. Nyimbo za mwanzo zililia vizuri. Kuanzia wimbo wa nane zikaanza kusikika kelele ndogo za “tik, tik”, na kwenye salamu hapakuwa na kitu. Hata jina la mtoto wa pili, ambalo CD ya zamani bado ilikuwa inalitoa, halikuwemo.

Kesho yake alijaribu kibanda kingine. Huko kijana aliifuta CD kwa fulana yake, kwa kuzungusha mkono kama mtu anayesugua sahani. Kisha akamkabidhi CD mpya ambayo deki ya nyumbani ilikataa kuisoma kabisa. Alikuwa amezigeuza nyimbo kuwa mafaili ya MP3 na kuzihifadhi kama nyaraka za kompyuta. Deki nyingi za zamani hazielewi CD ya aina hiyo. Zinahitaji CD iliyochomwa kama CD ya muziki.

Jambo baya zaidi lilikuwa kwamba CD ya zamani ilirudi na mikwaruzo mipya.

“Nikasema basi, nikiendelea hivi nitaimaliza mimi mwenyewe,” anasema.

Safari ya Geita

Aliyemwokoa ni wifi yake anayeishi Geita mjini. Alimpigia simu akamwambia kuna mzee anayetengeneza redio na deki, mtu asiyependa haraka. Mama akapanda basi na kijana wake mkubwa, mwenye umri wa miaka 20, wakapitia Mwanza.

Enzi za mume wake, safari hiyo ilimaanisha kusubiri kivuko pale Kigongo, wakati mwingine kwa saa kadhaa. Sasa kuna daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Mama anasema walipokuwa juu ya daraja aliushika mkoba kwa mikono miwili, kana kwamba CD ingeweza kurukia ziwani.

Mzee aliwapokea kwa salamu ya nyumbani.

“Mwangaluka, mayu.”

“Mwangaluka, baba.”

Akaitoa CD kwenye kanga, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu.

“Hii ina nini ndani?”

“Sauti ya marehemu mume wangu.”

“Basi leo hatuna haraka,” mzee akasema, akamwambia kijana wake wa dukani azuie wateja wengine kwenye kompyuta ile.

Pipa la mwaloni

Kabla ya kugusa chochote, mzee alimuuliza mama kama amewahi kufanya kazi mwaloni. Mama akajibu kwamba alifanya miaka minne, hukohuko Nyarugusu, kabla ya kuhamia Shinyanga.

“Basi kazi hii unaijua,” mzee akamwambia.

Mwaloni ndiko mawe yaliyosagwa kwenye karasha yanakooshwa. Unga wa mawe unawekwa juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa magunia, na maji yanateremshwa kutoka juu. Maji hubeba tope, dhahabu nzito hukwama kwenye gunia. Maji yakienda sawasawa, kazi inakwenda. Yakikatika katikati, tope linaganda na kazi inaharibika. Kwa hiyo juu ya ubao kunawekwa pipa. Wabeba ndoo hata wakichelewa kidogo, pipa linaendelea kutoa.

Bafa ndiyo pipa hilo. Ni kumbukumbu ndogo ndani ya draivu inayochoma CD. Kompyuta ni wabeba ndoo. Leza ni maji yanayoteremka. Leza inapoandika kwenye CD inayozunguka haiwezi kusimama ovyo kumsubiri mtu. Ikifika mahali ikakuta pipa tupu, mstari inaouandika unakatika, na CD ya kuandikwa mara moja haifutiki ikaanzwa upya.

“Tofauti ni kwamba mwaloni unaweza kukusanya tope ukarudia,” mzee alisema. “Hapa umeshaunguza.”

Hesabu yake ni rahisi. Sauti kwenye CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa stereo, ambayo ni sawa na baiti 176,400 kwa sekunde katika kasi ya kawaida ya kusikiliza. Draivu nyingi za zamani zina bafa ya megabaiti 2. Kwa kasi ya mara 8, bafa hiyo ikijaa inaweza kuilisha leza kwa takriban sekunde moja na nusu bila ndoo mpya. Kwa kasi ya mara 48, inakauka ndani ya robo sekunde.

Robo sekunde ni muda ambao kompyuta hupoteza bila mtu kujua: antivairasi imeamka, filamu inanakiliwa kwenye flashi, intaneti inashusha kitu, au kioo cha kompyuta kinajizima.

Ndiyo maana kibanda cha kwanza kiliharibu CD tatu. Kwanza, kompyuta moja ilikuwa na kazi tatu. Pili, CD ilinakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye ile ya zamani. Kila draivu ya kusoma ilipokutana na mkwaruzo ilisita na kurudia, na wakati inasita, upande wa pili pipa lilikuwa linakauka. Tatu, kasi ilikuwa ya juu kabisa.

Kuanzia mwaka 2000 watengenezaji walianza kuweka kinga ndani ya draivu. Pipa likikaribia kuisha, leza inasimama na kukumbuka ilipoishia, kisha inaendelea pipa likijaa. Lakini draivu ya zamani inaweza isiwe nayo, na kwenye baadhi ya programu kuna alama ya kuiwasha ambayo mtu anaweza kuiacha imezimwa.

Saa moja kwa nusu dakika

Mzee alianza kwa kuisafisha CD. Alitumia kitambaa laini kilicholoweshwa maji safi kidogo, akafuta kwa mistari iliyonyooka kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni. Kufuta kwa kuzungusha ni hatari, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko wa nyimbo hufunika vipande vingi mfululizo. Mkwaruzo unaokatiza hufunika kidogo kidogo, na draivu inaweza kujaziliza.

Kisha akamwonyesha mama kitu ambacho hakuwahi kukijua. CD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo wimbo wa mwisho kwenye CD iliyokaribia kujaa uko ukingoni, mahali vidole hushika. Zaidi ya hayo, tabaka linalobeba sauti liko karibu kabisa na upande wa juu, chini ya rangi nyembamba. Ile kalamu ya wino iliyoandika “Kwaya, 2013” iliandika kwa kukandamiza, karibu na ukingo, juu kabisa ya salamu.

“Mimi ndiye niliyeandika,” mama alisema.

Mzee akamjibu, “Wengi tumeandika hivyo.”

Baada ya hapo akafanya kazi kwa hatua mbili badala ya moja. Kwanza ni kusoma, na kuchoma kukafuata baadaye. Aliiambia programu isome CD yote na kuihifadhi kwenye kompyuta kama sauti kamili isiyobanwa, ambapo dakika moja huchukua zaidi ya megabaiti 10. Kasi ya kusoma akaishusha hadi mara 4, na akachagua njia ambayo programu husoma kila kipande zaidi ya mara moja na kulinganisha.

CD ya muziki ina ulinzi mdogo wa makosa kuliko CD ya nyaraka. Deki ikikosa kipande hukisia na kuendelea, na wewe husikii kitu, au unasikia “tik”. Kompyuta ikisoma kwa pupa inabeba makisio hayo hadi kwenye nakala. Ikisoma polepole na kurudia, mara nyingi hupata kipande halisi.

Nyimbo kumi za kwanza zilisomwa kwa muda mfupi. Wimbo wa 11 na salamu zake ulichukua karibu saa moja. Draivu ilikuwa inazunguka, inapunguza mwendo, inarudi nyuma, inazunguka tena. Wifi alileta chai na viazi vitamu. Hakuna aliyesema sana.

Ilipomaliza, mzee alimpa mama vipokea sauti vya masikioni kabla ya kuchoma chochote. “Sikiliza mpaka mwisho. Kosa likiwa humu, tutalichoma mara tatu.”

Mama akasikiliza. Salamu kwake. Kikohozi. Jina la kaka. Jina la dada. Kisha “tik” moja, na jina la kitinda mimba, lote.

Kikohozi kibaki

Mzee alimwambia kwamba ile “tik” angeweza kuilainisha, na kikohozi angeweza kukikata kabisa, asiyejua asingetambua.

Mama akafikiri. “Hiyo ‘tik’ ilainishe. Kikohozi kiache. Ndivyo alivyokuwa.”

Kisha ukaja uchomaji. Mzee alizima intaneti, akasimamisha antivairasi kwa muda, akafunga programu zote, akazuia kioo kisijizime, na draivu akaichomeka kwenye tundu lake peke yake bila flashi pembeni. Kompyuta ilikuwa ya mkononi, betri imejaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati hakuna bafa itakayokuokoa. Alichagua CD ya muziki na kasi ya mara 8. Hakushuka zaidi, akaeleza kwamba polepole kupita kiasi si lazima iwe bora. CD tupu za siku hizi zimetengenezwa kwa kasi kubwa, na baadhi ya draivu hazikubali tena kasi ya mara 1. Cha msingi ni kasi ya wastani ambayo pipa haliwezi kushindwa.

Kila nakala ilichukua kama dakika kumi. CD tatu zilichomwa, na hakuna iliyoharibika. Kila moja ilijaribiwa kwenye redio ndogo ya dukani hadi neno la mwisho.

Wakiwa kwenye basi la kurudi, kijana wake mkubwa aliuliza swali ambalo mama hakulitarajia.

“Mama, kumbe baba alikuwa ameshaanza kuugua wakati anarekodi?”

Mama akamwambia ndiyo. Akamweleza jinsi baba yake alivyokuwa anasema ni vumbi tu, litaisha mvua zikinyesha. Alipokwenda kupimwa na kukutwa na TB, mapafu yalikuwa yamechoka sana.

Vumbi la mawe yanayopasuliwa na kusagwa kwenye karasha hubeba silika, chembe ndogo zinazokaa ndani ya mapafu na kuyafanya yawe na makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuurudisha nyuma, na mwenye nao yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata TB. TB yenyewe inatibika, na matibabu yake ni bure katika vituo vya serikali. Kinachoua wengi ni kuchelewa. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatakiwa kupimwa, na kwa mchimbaji, kulowesha mawe kabla ya kuyapasua hupunguza vumbi kuliko kitambaa kilichofungwa puani.

Kijana huyo amekuwa akizungumzia kwenda kujaribu bahati duarani. Mama anasema hajabadili kauli. Ila kwenye nakala yake, anaisikiliza sehemu hiyo zaidi ya mara moja.

Ukiwa na CD kama hiyo nyumbani

Familia nyingi zina CD za harusi, ubarikio, kwaya au ngoma ambazo hazipo popote kwenye intaneti. Mafundi wenye draivu nzuri wanapungua, na CD haziponi zenyewe. Haya ndiyo mambo ambayo mama huyo anatamani angeyajua mapema:

Usiiache CD kwenye jua au juu ya televisheni yenye joto. Rangi ya CD za kuchomwa hufifia kwa mwanga.

Ishike ukingoni na kwenye tundu. Ukitaka kuandika, tumia kalamu laini maalumu, na uandike kwenye mduara wa ndani usio na rangi.

Mwombe fundi aihifadhi kwanza kwenye kompyuta, msikilize pamoja, ndipo achome. Asinakili moja kwa moja kutoka CD hadi CD.

Mwombe apunguze kasi na asifanye kazi nyingine kwenye kompyuta hiyo. Akikataa kwa sababu ana foleni, rudi siku yenye utulivu.

Mwambie achome CD ya muziki kama deki yako ni ya zamani. Pia chukua sauti hiyo kwenye flashi, na nyingine iwekwe kwa ndugu anayeishi nyumba tofauti.

Na usitoe CD yako ya asili kwa kila anayedai anaweza. Kila mkono unaoishika unaiongezea mkwaruzo.

Jioni moja kabla ya kwenda bweni, kitinda mimba aliweka nakala yake kwenye deki. Hakulia, mama anasema. Aliirudisha nyuma mara tatu, akasikiliza akiwa amesimama.

Nyumbani wamezoea kumwita kwa jina lililofupishwa, kama wanavyomwita shuleni. Kwenye CD, baba yake analitamka lote, kwa lafudhi ya Kisukuma, akilivuta mwishoni.

“Kumbe alikuwa ananiita hivi,” alisema.

Tangu siku hiyo, ndivyo anavyotaka aitwe.